Miguu Yangu Haijafunga Duka

Saa tatu usiku nimefunga duka,
cherehani nimeifunika kitambaa,
taa nimezima, nimelala.
Miguu haijafunga.

Inakanyaga pedeli chini ya shuka,
mshono mrefu usio na nguo,
na Ndahani anavuta blanketi upande wake
kama mtu anayegombea mpaka wa shamba.

Si maumivu. Ningesema maumivu, watu wangenielewa.
Si ganzi. Si muwasho.
Ni uzi unaovutwa ndani ya mfupa, taratibu,
na anayeuvuta hajulikani,
na amri yake ni moja tu: inuka, tembea.
Basi natembea.
Kibaigwa ya saa nane naijua yote:
malori ya mahindi yamepanga foleni,
tandiboi amelala juu ya magunia, mdomo wazi,
mbwa wa sokoni amenizoea, habweki tena.

Mama mkwe akasema nimekanyaga kitu.
Fundi viatu Chilewa akasema ni uzee.
Nina miaka arobaini na mmoja.
Muuza dawa akanipa piritoni:
"Hii, mama, utalala kama gogo."
Mgogo mimi, gogo sikulala.
Usiku ule miguu ilishona sare za shule nzima.
Nikameza mbili. Ikashona na za jeshi.

Dodoma mjini, Daktari Perisi hakucheka.
"Inaanza jioni? Ukiinuka inatulia?"
Nikaitazama miguu yangu, kama imenisengenya kwake.
"Na hiyo piritoni iache. Inaichochea."

Akapima damu.
Damu, akasema, ni nyekundu ya kutosha,
lakini chuma cha akiba hakipo.
Nikamwambia, daktari, hilo nalifahamu,
mimi natoka Kibaigwa:
sokoni mahindi yamefurika,
nyumbani ghalani panya wanalia njaa.
Akaacha kuandika.
"Hivyo hivyo," akasema.

Vidonge vya chuma, basi,
nishushie na juisi ya ubuyu, si chai.
"Na chai ninywe lini?"
"Saa mbili baadaye."
Hakujua ameniomba nini.
Choo kikawa cheusi kama oili chafu,
tumbo likagoma siku tatu.
Miezi, alisema, hesabu miezi,
ghala halijai kwa debe moja.

Ipo nyingine, akasema, kazi yake huonekana upesi:
pramipeksoli.
Nikanyoosha mkono.
Hakunipa.
"Kausha damu unaijua?"
Nani Kibaigwa asiyeijua?
Mama Nyambeho friji lake lilibebwa akiwa bado amelishika mlango.
"Basi ndiyo hii. Leo inaweza kukupa usingizi taslimu,
baadaye ikaja kudai saa kumi alasiri,
jua bado lipo,
na safari hiyo ikataka na mikono."

Mikono yangu nikaificha ndani ya kitenge.

Akaniandikia gabapentini, kidonge kimoja, jioni.
"Ukikimeza, usiendeshe chombo."
"Hata cherehani?"
Akafikiri. "Hata cherehani."
Asubuhi kichwa kilijaa pamba,
suruali ya Mzee Chidumizi nikaiwekea mfuko wa nyuma mbele.
Hakugundua mpaka alipotafuta sadaka.

Sasa ni mwezi wa nne.
Chuma kimepanda, si sana; kipimo kimenigharimu magauni mawili.
Wiki iliyopita usiku mmoja nilirudi kwa mbwa,
akanipokea bila maswali.

Lakini jana nililala.
Saa nane Ndahani aliamka kwa ukimya,
akanitikisa bega:
"Mama Yudith. Uko hai?"
Alikosa kupigwa mateke, akaogopa.

Na leo, saa moja na nusu, giza halijakolea,
mguu wa kushoto umekohoa kidogo,
kama mteja aliyechelewa mlangoni.
Nimemwambia:
tumefunga.
Bado amesimama.